Aliyefuta Wimbo Wangu

Kama gazeti lako la wiki iliyopita limeshafungiwa sabuni, usihangaike kulitafuta. Nitakukumbusha kwa kifupi, maana na mimi nikikumbuka kwa urefu presha inapanda.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa mpuliza saksafoni wa bendi iliyowachezesha watu wa mji huu mpaka soli zikatoboka. Wimbo wao uliovuma kuliko yote ni "Gauni la Mfuko Mmoja". Gauni hilo nililishona mimi, nikalivaa mimi. Kitambaa kilipungua, nikaweka mfuko mmoja badala ya miwili, nikaingia nalo ukumbini kifua mbele kana kwamba ndiyo fasheni.

Kwa hiyo wimbo ni wangu. Mume wangu alinitungia. Hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu enzi ambazo nilikuwa na kiuno.

Ubaya ni kwamba wimbo uliimbwa na mwanamke. Yule nimempa jina la Bibi Maikrofoni, kwa jinsi alivyokuwa akiishika kama amezaliwa nayo. Na wapo watu, Mungu anawaona, waliosema miaka yote kwamba gauni lile ni lake, na mpuliza saksafoni alikuwa wake pia.

Ndiyo maana nilijiunga na wale wanaoandika ensaiklopidia ya mtandaoni kwa kujitolea. Ni kitabu cha kila kitu, hakina karatasi, na kila mtu anaruhusiwa kukiandika. Niliposikia "kila mtu" nikajua wamenitaja mimi. Nikajipa jina la Sindano, nikafungua makala ya wimbo ule, nikaandika: "Wimbo huu ulitungwa na mpuliza saksafoni wa bendi kwa ajili ya mkewe."

Mtu mmoja anayejiita Chiriku akaifuta sentensi yangu. Nikairudisha. Akaifuta. Nikairudisha na matusi kidogo. Akaifuta pamoja na matusi.

Sasa sikilizeni aibu iliyonipata Jumamosi.

Kikundi chetu hukutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Meza ndefu, nyaya za chaja zinazotega watu miguu, chai ya bure na biskuti za bure. Msimamizi wetu ni Mkutubi, binti mpole anayezungumza kana kwamba vitabu vimelala. Mpinzani wangu ni karani mstaafu wa mahakama. Huyu tunamwita Bwana Chanzo, kwa sababu ukimwambia jua limechomoza anauliza, "Chanzo kiko wapi?" Inasemekana mkewe akimwita mezani, huuliza hivyo hivyo.

Siku hiyo nilipoingia, Bwana Chanzo alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

"Mama Sindano, sentensi yako ya wimbo umeiwekea chanzo."

"Nimeweka. Si ndivyo mnavyotaka?"

"Chanzo chenyewe ni gazeti."

"Limechapishwa, linauzwa barabarani, lina tarehe. Unataka na picha yangu ya pasipoti?"

"Ukurasa gani wa gazeti?"

Nikaanza kutafuta miwani yangu kwenye mkoba. Miwani ilikuwa usoni.

"Ukurasa wa hadithi ya mfululizo," akajijibu mwenyewe. "Nani anaiandika hadithi hiyo?"

"Mwanamke mmoja hivi."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Hata Mkutubi alijificha nyuma ya kompyuta.

"Umeandika gazetini kwamba wimbo ni wako," akasema Bwana Chanzo, "kisha umekuja hapa kuandika kwamba wimbo ni wako, kwa sababu gazeti limesema!"

"Gazeti limesema au halikusema?"

"Limesema kwa sababu wewe umeliambia!"

"Na magazeti mengine huambiwa na nani, malaika?"

Mkutubi akaingilia kati. "Bibi, kanuni unaijua. Chanzo kiwe kimechapishwa, na aliyeandika asiwe na maslahi. Wewe ni mke wa mtunzi. Huwezi kujitolea ushahidi."

"Basi nimlete mume wangu aseme."

"Amewahi kukuambia kwamba alikutungia wewe?" akauliza Bwana Chanzo, macho yamemtoka kama yuko mahakamani kwake.

"Kila nikimuuliza hunijibu, 'Kwani mwenye gauni ni nani?'"

"Hilo si jibu, mama. Hilo ni swali."

Nikamtazama yule mzee. Maisha yangu yote ya ndoa sikuwahi kuligundua hilo. Nikameza chai ili nisije nikaonekana nafikiri.

"Lakini hilo la gazeti ni dogo," akaendelea. "Kubwa ni Chiriku."

"Sawasawa! Afungiwe!"

"Chiriku ni wewe."

Wasomaji wangu, mtu akiitwa mwizi anaweza kucheka. Lakini kwenye ensaiklopidia hakuna dhambi kubwa kama mtu mmoja kuwa na majina mawili na kujifanya ni watu wawili. Adhabu yake ni kufungiwa moja kwa moja, na uliyoyaandika yanafagiliwa nje. Na sentensi yangu ingeenda na takataka.

"Mimi? Nijifute, kisha nijirudishe, kisha nijitukane?"

"Ili hadithi yako gazetini ipate utamu," akasema Bwana Chanzo. "Watu wananunua gazeti ili waone ugomvi. Umejigombanisha mwenyewe."

Nikawaza, ni wazo zuri sana, mbona halikunijia.

Mkutubi akanigeuzia kioo cha kompyuta, ingawa kwangu yalikuwa manamba matupu. "Bibi, kila anayeandika huacha alama ya kile kiboksi cha intaneti alichotumia. Mimi tu ndiye ninayeruhusiwa kuziona. Zamani Chiriku alikuwa akitokea kwingine. Siku hizi anatokea kwenye kiboksi kile kile ambacho Sindano hukitumia akiwa nyumbani."

"Maana yake nini?"

"Maana yake Chiriku anaandikia nyumbani kwako."

Nikaapa. Nikamwapia mama yangu, nikaiapia na cherehani. Bwana Chanzo alikuwa ameshafungua kinywa kuuliza chanzo cha kiapo, kompyuta ikalia: ting!

Mkutubi akasogeza uso. "Chiriku amefuta sentensi. Sasa hivi."

Kila mtu akatazama mikono yangu. Mmoja ulikuwa na kikombe. Mwingine ulikuwa na biskuti.

"Mnaona sasa!" Nikasimama. "Mikono yangu hii hapa! Itazameni! Nimefuta kwa kutumia nini, kisigino?"

Bwana Chanzo akainama, akachungulia chini ya meza. Aliporudi juu alikuwa ametahayari. "Nimekosea, mama. Naomba radhi, na iandikwe."

"Iandikwe kwa herufi kubwa!" Nikacheka, nikazunguka meza nikiwapa watu mikono. Nimesafishwa! Nikachukua na biskuti ya pili.

Kisha nikaona ninacheka peke yangu. Wenzangu walikuwa wananitazama kama anavyotazamwa mtu aliyekalia rangi mbichi na hajajua.

"Bibi," akasema Mkutubi polepole. "Hii aliyofuta sasa hivi nayo imetokea kwenye kiboksi cha nyumbani kwako. Umemwacha nani?"

"Mume wangu tu."

"Yeye anaandika kwenye ensaiklopidia?"

Mume wangu? Mtu ambaye simu ikiita ananiletea mimi, ameinyoosha mbele kama panya aliyekufa?

"Kwa sababu Chiriku," akaendelea yule binti, huku akijipangusia miwani ambayo haikuwa na vumbi, "ndiye aliyeuandika pia ukurasa wa yule mwimbaji. Ameweka na picha yake ya ujanani. Haipo kwenye gazeti lolote wala kitabu chochote. Ni picha ya kwenye albamu ya mwenyewe."

Nikaiweka biskuti mezani.

"Na huyo Chiriku," nikauliza, "siku hizi huandika lini?"

"Jumamosi tu, bibi. Mchana."

Jumamosi mchana. Wakati mimi niko hapa nagombana juu ya uaminifu wa vyanzo.

Mara yakaanza kunijia. Kwamba Jumamosi hizi za karibuni mume wangu amekuwa akijipigia pasi shati mwenyewe, nami nikawasimulia hata watoto kwamba baba yenu siku hizi ananisaidia kazi. Kwamba amekuwa akinihimiza, "Nenda, mke wangu, utachelewa kikundi." Kwamba hata mkoba ananishikia mpaka getini! Nikadhani ni mapenzi ya uzeeni. Kumbe nilikuwa nasindikizwa niondoke.

Nikaokota mkoba wangu. Bwana Chanzo akanifungulia mlango. Sauti yake ilikuwa ya huzuni kabisa.

"Pole, mama. Lakini kumbuka, kama utataka kuliandika hilo, utahitaji chanzo."

"Ndiyo kwanza naenda kukikamata," nikasema.

Mlangoni kwangu palikuwa na viatu vya kike. Vyekundu. Vya kisigino! Kisigino cha kumfaa binti, kimelika upande mmoja kwa uzito wa goti la bibi. Vimepangwa vizuri kando ya ndala za mume wangu, utafikiri vimefunga ndoa.

Wivu una joto, jamani. Ulinianzia kwenye nyayo. Miguu hii inayogoma kupanda ngazi za maktaba ilinipeleka kwa kunyata mpaka chini ya dirisha la chumba changu cha kushonea, nikajikunja pale kama mwizi wa kuku.

"Leo umwambie," sauti ya mwanamke ikasema. Sauti ile siwezi kuikosea. Nimeichukia kwenye redio tangu redio zilipokuwa za mbao.

"Atanifukuza," akasema mume wangu.

"Kwa umri huu akufukuze uende wapi?"

"Humjui yule."

"Namjua kuliko wewe."

"Siri yenyewe imeshazeeka. Tuiache ife na sisi."

"Ife na wewe. Mimi bado nipo nipo kwanza."

Basi. Nikazungukia mlango wa nyuma, nikachukua ile rula yangu ya mbao ya kupimia kitambaa, nikaingia.

Bibi Maikrofoni alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Kompyuta yake ndogo ameiweka juu ya cherehani yangu! Mume ni mtu, unaweza kujadiliana naye. Lakini cherehani?

Mume wangu alikuwa pembeni, shati limenyooka. Aliponiona, akasimama, akakaa, akasimama tena.

Yule mwanamke hakushtuka hata kidogo. Akanitazama vizuri, akasema, "Shikamoo, dada."

Yeye! Amenizidi umri wazi wazi, meno yake mwenyewe yangetoa ushahidi kama yangekuwepo! Nikaitika "Marahaba!" kwa nguvu zangu zote, asije akaifuta na hiyo.

"Chiriku ni wewe."

"Ni mimi."

"Na intaneti yangu umeingia kwa nenosiri la nani?"

Akaonyesha ukutani. Nimeliandika mwenyewe kwa chaki ya kushonea, nisilisahau.

"Mke wangu," akasema mume wangu, "kwanza weka rula chini."

"Rula haikusumbui ilipo. Wewe kaa!" Akakaa. Nikamgeukia mwanamke. "Ulikuwa na jukwaa. Ulikuwa na maikrofoni na taa za rangi. Watu walikuwa wanakutupia maua, mimi nimesimama chini nalinda mkoba. Sikudai. Katika yote hayo nilijichukulia sentensi moja. Moja! Na hiyo unakuja kunifutia ndani ya nyumba yangu, mume wangu akiwa kando yako amepiga pasi!"

Sauti ilinikatika mwishoni. Nilikasirika ilivyokatika.

"Isome hiyo sentensi, dada," akasema. Hakuwa ananicheka.

"Naijua kwa moyo. Wimbo huu ulitungwa na mpuliza saksafoni wa bendi kwa ajili ya mkewe."

"Gauni ni lako. Hilo sijawahi kubisha. Nililiona likiingia mlangoni mwa ukumbi kabla hata sijakuona wewe uliyelivaa."

"Basi unafuta nini?"

"Nafuta mtunzi."

Akamgeukia mume wangu. "Mwambie. Nimekuja Jumamosi zote hizi umwambie wewe mwenyewe. Kila ukikataa nafuta mbele ya macho yako, labda utaona haya. Leo huyu hapa, yupo. Mwambie."

Mume wangu akatazama dari. Akatazama sakafu. Dari na sakafu zote hazikumsaidia.

"Sikuutunga mimi," akasema.

"Nini?"

"Wimbo. Sikuutunga. Alitunga yeye, maneno na sauti. Mimi nilipuliza tu."

Nikatafuta mahali pa kukaa. Kiti changu kilikuwa na mtu. Nikakaa juu ya robota la vitambaa vya wateja.

"Na kwenye santuri jina lako lilifikaje?"

"Mwenye bendi alisema watu hawatanunua wimbo wa mwanamke anayeimba gauni la mwanamke mwenzake. Akaweka jina langu. Nilitaka kukuambia, naapa. Lakini wimbo ulipotoka tu, wewe ndiyo ukanikubali. Nikaona niharibu ya nini."

Hapo, wasomaji, inabidi niwaambie jambo ambalo hata watoto wangu watalisoma hapa. Nilikuwa na mchumba mwingine. Fundi saa, mtu wa watu, mikono safi, kila siku anafika kwa wakati. Nilimwacha kwa sababu ya wimbo ule. Nilimwambia wazi: wewe hujanitungia kitu.

"Ulinitungia wewe?" nikamuuliza yule mwanamke, na hata swali lenyewe lilikuwa halikai vizuri mdomoni. "Kwa nini?"

"Kwa wivu," akasema. "Kila mapumziko huyu bwana anashuka jukwaani, ananipita kama vile mimi ni nguzo ya ukumbi, anakwenda kukutilia wewe kitambaa chake cha jasho kwenye ule mfuko. Nami nimevaa gauni la kukodi lenye vito. Nikajiuliza, mle mfukoni kuna nini ambacho mimi sina? Nikakaa nyuma ya jukwaa nikaandika hivyo hivyo."

*Mfuko mmoja tu, na dunia yangu imeingia humo.* Ndicho kiitikio chake. Nimekiimba nikifua, nikipika, nikinyonyesha. Nimekiimba kama mwanamke anayesifiwa. Kumbe dunia iliyoingia mfukoni ilikuwa ya mtu mwingine, na alikuwa anaililia kwenye maikrofoni mbele yangu, nami nacheza!

Lakini bado sikutaka kukubali upesi hivyo. Nimekaa na wanaensaiklopidia, nimejifunza kitu.

"Chanzo kiko wapi?" nikasema. "Wewe unasema. Huyu naye anasema, lakini huyu huwa anasema chochote ili rula isimguse."

"Huyu akipuliza hufumba macho, unajua mwenyewe," akajibu. "Mimi ndiye niliyekuwa natazama. Muulize gauni lilikuwa la rangi gani."

Nikamgeukia. "Lilikuwa la rangi gani, baba?"

Mume wangu akavuta pumzi kama anataka kupuliza noti ndefu.

"Buluu," akasema. Kisha, alipoona uso wangu, "Buluu ya... ya kuelekea..."

"Manjano," akasema yule mwanamke taratibu. "Na pindo la chini ulilipigia uzi wa kijani. Nadhani wa manjano ulikuwa umekuishia."

Ulikuwa umeniishia. Nililipinda usiku wa kuamkia dansi, na sikumwambia mtu.

Nilikuja nyumbani na wivu wa aina moja, nikajikuta na mwingine nisioujua jina. Kwa maana mume wangu, niliyemzalia na kumfulia, hajawahi kuliona lile gauni. Aliyeliona mpaka pindo ni mwanamke aliyekuwa ananichukia. Na kama mtu angeniuliza saa ile nani kati ya hawa wawili amenitazama zaidi katika maisha yangu, ningejibu nini?

"Humtaki tena?" nikamuuliza, nikionyesha kwa rula.

"Nilimtaka wakati ule. Sasa nimemsikia akikohoa, imenitosha." Akafunga kompyuta yake. "Nataka jina langu tu. Mjukuu wangu wa kike alisoma ile makala akaja kuniuliza, 'Bibi, kumbe ulikuwa unaimba tu maneno ya watu?' Iandike, dada. Iandike kwenye hadithi yako."

"Hadithi yangu si chanzo. Wamenihukumu leo leo."

"Mjukuu wangu hataki chanzo. Anakusoma kila wiki."

Nilimtoa mpaka mlangoni. Visigino vile vilimshinda kuvivaa akiwa amesimama, nikampa bega. Msiniulize kwa nini.

Hajafika getini simu yangu ikaingiza ujumbe wa Mkutubi: "Bibi, Chiriku nimemsimamisha kwa muda. Ukurasa uko wazi kwako. Ukipata chanzo, irudishe sentensi."

Mume wangu naye alikuwa amenisimamia nyuma.

"Usiandike hayo, mke wangu," akasema. "Watoto wamekua wakijua baba yao ni mtunzi. Hata redioni huwa wanasema. Wewe andika kwamba mwenzetu alipita kusalimia, na kwamba wimbo nilitunga mimi. Hiyo iwe ndiyo kauli yangu rasmi. Wakikuuliza chanzo, chanzo ni mimi!" Akanishika mkono. "Kwani wewe unapata nini ukisema? Ukinyamaza, wimbo ni zawadi yako kutoka kwa mumeo. Ukisema, unakuwa wimbo wa yule."

Hapo ndipo aliponipiga penyewe, maana ni kweli. Nikinyamaza ninabaki na wimbo na mume aliyenitungia. Nikisema, ninabaki na mume.

"Usijali, baba," nikamwambia. "Nitaandika ulivyosema. Neno kwa neno."

Akafurahi. Akanichemshia na chai.

Nami ndivyo nilivyofanya. Mmesoma wenyewe alivyosema, yote, kuanzia pale aliposema "Sikuutunga mimi". Sikumwongezea neno wala sikumpunguzia.

Sasa, kuna jambo moja la mume wangu ambalo majirani wanalijua. Siku ya gazeti hukaa kibarazani kumsubiri muuza magazeti. Akishalipata huwakusanya watu na kuwasomea hadithi yangu kwa sauti, mstari kwa mstari, maana anapenda kusikika, na saksafoni meno yameshaikataa. Hatazami mbele hata siku moja. Anasema akichungulia mwisho, utamu unakwisha. Kwa leo gazeti linapotoka amewaalika na watu wa mtaa wa pili, na shati amelipiga pasi.

Saa hii anaposoma, mimi niko ndani, kwenye kiti changu. Simu iko juu ya cherehani, makala imefunguliwa, na ile sentensi yangu nimeiandika upya lakini sijaihifadhi. Mke wa mtunzi si chanzo, nimeambiwa. Haya, leo chanzo kiko kibarazani, kina shati safi, na mashahidi wake wamekaa kwenye mkeka. Akisoma mpaka hapa bila kuruka, nitabadilisha mtunzi, nimweke yule mwanamke. Akikatisha, akajifanya gazeti limeishia katikati, naihifadhi kama ilivyo na wimbo ubaki wetu na uongo wake.

Dirisha liko wazi. Nasikiliza.

Baba, kama sauti bado ipo, wasomee na hii: gauni lilikuwa la manjano.